Gereji ya Msomaji: Usukani mpya, nyaya za zamani

Toleo lililopita nilimjibu msomaji aliyelalamika kwamba vidole vinamfa ganzi akiendesha, nikagusia kwa sentensi moja kwamba huenda usukani wake haumfai. Sentensi hiyo imeniletea barua kuliko jambo lolote nililoandika mwaka huu, na karibu zote zinauliza: naweza kubadili usukani wa pikipiki yangu? Unaweza. Ila wengi wanaokuja hapa gereji kwangu, jirani na stendi ya Msamvu, Morogoro, wanadhani wanabadili bomba la chuma tu. Bomba ndilo rahisi. Klachi, breki ya mbele, mpini wa mafuta, taa, honi na indiketa vyote vimefungwa juu yake. Ukiupandisha usukani vyote vinapanda nao, na kisichofika kinavutika. Hapo ndipo kazi ilipo, na ndipo pesa inapokwenda.

Shikamoo fundi. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Njombe, mrefu wa futi sita na kidogo. Natumia Boxer 150. Jioni mgongo unauma na vifundo vya mikono vinawaka moto. Kuna mwenzangu kijiweni amefunga usukani mrefu wa kwenda juu, anasema anaendesha kama amekaa sebuleni kwake. Na mimi nifunge huo? Nitabadili nini kingine?
*Dereva wa boda, Njombe*

Marahaba, mwanangu. Kabla hujatoa hata shilingi, fanya jambo moja la bure. Legeza bolti nne zinazobana usukani ulio nao, usizitoe, kisha kaa juu ya siti mtu akikushikia pikipiki. Fumba macho, nyoosha mikono mbele mpaka pale inapotaka kutulia yenyewe. Fumbua. Angalia viganja vyako viko wapi na gripu, ile mipira ya kushikia, ziko wapi. Mara nyingi tofauti ni ndogo, na kuuzungusha usukani kidogo kuelekea kwako kunaimaliza. Ukishapata mahali pazuri, zungusha na leva za klachi na breki ili vidole vikikaa juu yake viwe vimenyooka na mkono kuanzia kwenye kiwiko. Leva iliyoelekea juu inakulazimisha uvunje kifundo kila unapokamata breki, na dereva wa boda hukamata breki siku nzima. Hapo ndipo huo moto unapotoka.

La pili, iangalie siti. Sponji ya siti ya boda iliyobeba abiria miaka miwili, mitatu inakuwa imekufa, hasa mbele anapokaa dereva. Mtu mrefu akizama kwenye siti iliyokufa, magoti yanapanda, mgongo unapinda, halafu lawama zinakwenda kwa usukani. Fundi siti atakuwekea sponji mpya ngumu kwa bei iliyo chini ya usukani na nyaya zake.

Umefanya yote hayo na bado unaumia? Sasa tuongee usukani. Chukua futi ya fundi cherehani upime mambo matatu kwenye huo wa zamani: upana kutoka ncha hadi ncha, kimo kutoka pale unapobanwa hadi usawa wa gripu, na umbali ncha zinavyorudi nyuma kuelekea kwako. Yaandike. Ukifika dukani bila namba hizo, utauziwa ule uliotundikwa mbele. Unene usikusumbue sana, kwa kuwa pikipiki nyingi ndogo tulizo nazo hutumia bomba la milimita 22, ile ya inchi 7/8. Lakini beba kifuniko kimoja cha klampu, kile kibano kinachoushika usukani, ujaribishe palepale kaunta. Kikicheza, rudisha. Usikubali kujaziwa kipande cha kopo la soda katikati. Usukani unaozunguka ndani ya klampu huzunguka siku unapokamata breki ya ghafla, uzito wako wote ukiwa mikononi.

Kwa urefu wako nisingekushauri zaidi ya sentimita tano au sita juu ya ule wa kiwandani. Mwenzako wa kijiweni anajisikia vizuri sasa, lakini mikono ikikaribia usawa wa mabega damu inashuka, na kwenye upepo wa Njombe kifua chake ndicho tanga. Kukunja kona kwa mikono iliyo juu hivyo ni kazi nyingine.

Nyaya. Boxer yako ina breki ya dramu mbele, kwa hiyo nyaya za kuvuta ni tatu: wa klachi, wa breki na wa mafuta, ule unaokwenda kabureta. Fungia usukani mpya kwa muda, pitisha nyaya njia zake zilezile za kiwandani, halafu ukate usukani, yaani uugeuze, mpaka mwisho kushoto, kisha mpaka mwisho kulia. Waya usinyooke ukakaza popote. Kisha washa injini, iache ingurume taratibu bila kuipa mafuta, ukate tena pande zote mbili. Mlio ukipanda unapokata kushoto au kulia, waya wa mafuta ni mfupi. Maana yake ni kwamba siku utakayogeuza pikipiki kwenye njia nyembamba, pikipiki itajipa mafuta yenyewe. Waya wa klachi ukiwa mfupi haukupi kelele, unakuibia kimyakimya: unavuta klachi kidogo muda wote, plate za klachi zinateleza, baada ya wiki chache pikipiki haipandi mlima na unaambiwa injini imechoka.

Nyaya ndefu zinapatikana. Ama utafute wa pikipiki nyingine wenye vichwa sawa na wako, ama utengenezewe. Mtaani Gerezani, pale Dar, wapo wanaokata ganda na waya kwa kipimo na kumwaga risasi iliyoyeyushwa kwenye kichwa cha waya. Kataa kile kiunganishi cha skrubu cha baiskeli, hasa kwenye breki. Baada ya kufunga, acha uhuru: kwa Honda nyingi ndogo kitabu kinataka leva ya klachi icheze milimita 10 hadi 20 nchani kabla ya kuanza kuvuta, na mpini wa mafuta milimita 2 hadi 6. Kwa Boxer angalia kitabu chake, lakini usifunge bila uhuru kabisa.

Nyaya za umeme ndizo husahaulika. Zinatoka kwenye swichi, zinaingia ndani ya kibuyu cha taa kubwa. Wakati mwingine kuna akiba imejikunja humo ndani. Fungua taa uivute. Kama haipo, ongeza kipande cha waya wa unene uleule, lehemu, vika mpira unaojibana kwa joto, na maungio yasikae sehemu moja yote, yapishane. Kusokota na kuzungushia selotepu nyeusi ni kujitafutia usiku wa giza njiani Makambako.

Mwisho wa kazi hiyo ni kubana. Usukani mwingi una nukta ndogo iliyogongwa. Nukta hiyo hukaa usawa wa mpaka wa klampu. Vifuniko vya klampu vya pikipiki nyingi navyo vina nukta au mshale unaoelekea mbele. Hivyo ubane bolti za mbele kwanza mpaka ziguse, halafu za nyuma, na upenyo utabaki nyuma. Usijaribu kuuziba upenyo huo kwa nguvu. Ndivyo kilivyoundwa, na ukilazimisha, kifuniko cha aluminiamu kitapasuka. Bolti za milimita 8 kwa kawaida hukazwa Newton-mita 20 hadi 25. Huna spana ya kupimia? Basi spana fupi, mkono mmoja, bila kuongezea bomba.

Fundi, nilianguka kwenye tope. Usukani umepinda, nikienda moja kwa moja gripu ya kulia iko mbele kuliko ya kushoto. Mchomeleaji anasema ataupasha moto aunyooshe. Nimruhusu?
*Msomaji, Ifakara*

Hapana. Chuma kilichopinda na kupashwa moto kimeshapoteza nguvu pale pale kilipopinda, na aluminiamu ni mbaya zaidi, maana inakatika bila kuaga.

Lakini ngoja kwanza. Una hakika ni usukani? Pikipiki ikianguka upande mmoja, mara nyingi usukani hauna kosa lolote, foku, ile miguu miwili inayoshika tairi la mbele, ndizo zimejipinda ndani ya klampu zake. Simama mbele ya pikipiki, tazama tairi na usukani kwa pamoja. Tairi likitazama kushoto wakati usukani umenyooka, ndilo hilo. Simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati. Legeza nati ya ekseli ya mbele, bolti za madigadi, na zile zinazobana foku juu na chini, zote kidogo tu, foku zisije zikateleza kwenda juu. Bana tairi katikati ya magoti, shika usukani, zungusha mpaka vikubaliane. Iteremshe kwenye stendi, ibonyeze mbele mara kadhaa foku zijipange, kisha kaza zote. Huenda ukalala na pesa yako mfukoni. Kama baada ya hapo gripu bado hazilingani, nunua usukani mpya.

Mambo vipi fundi! Nina Honda CG 125 ya zamani, naigeuza iwe ya kizamani ya mashindano. Nataka zile hendeli mbili fupi zinazobana kwenye foku, chini kabisa. Rafiki zangu wanasema nigeuze tu usukani juu chini. Ipi bora?
*Kijana wa Sinza, Dar es Salaam*

Poa, mdogo wangu. Mtindo unaoutaka ulishamiri Uingereza miaka ya 1950 na 1960, vijana wakikimbizana kutoka mgahawa mmoja hadi mwingine. Mmoja wa migahawa hiyo, Ace Cafe wa London, umeacha jina lake kwenye aina ya usukani mpaka leo. Wale vijana walikuwa na barabara pana na mwendo mkali. Wewe una foleni ya Shekilango saa kumi na moja jioni.

Nakwambia hivyo kwa sababu ya mikono. Ukiinama kwenye hendeli za chini, uzito wa kifua unakwenda viganjani. Katika mwendo wa mashindano upepo unakusukuma kifuani na kukubebea sehemu ya mzigo huo. Kwenye foleni upepo haupo, unajibeba mwenyewe kwa vifundo vya mikono kutoka Sinza hadi Posta. Na vigingi vya miguu vya CG viko mbele mno kwa mkao huo. Utakuwa umejikunja vibaya mpaka uvirudishe nyuma, na ukivirudisha lazima utengeneze upya fimbo ya gia na ya breki ya nyuma. Kazi moja inazaa nyingine.

Ukiwa bado na nia, pima unene wa mguu wa foku kwa kalipa, kile kipimo cha taya, usikadirie. Hendeli hizo zinauzwa kwa kipenyo, na milimita moja ikizidi hazibani, ikipungua haziingii. Zikikaa chini ya sahani ya juu inayobana foku, lazima foku zilegezwe na kushushwa, na hapo ndipo vishikio vya taa kubwa vilipo, kwa hiyo taa nayo itahama. Kisha kata usukani mpaka mwisho. Nakuhakikishia kidole gumba kitagonga tenki. Wapo wanaochomelea kizuizi ili usukani usifike huko, nao hawawezi tena kugeuza pikipiki barabarani bila kushuka na kuisukuma. Bora tenki jembamba au hendeli zilizoinuka kidogo.

Kuugeuza ulio nao juu chini ni rahisi na unarudishika, lakini ulipinda kwa ajili ya kwenda juu. Ukigeuzwa, ncha zake zinaelekea pabaya, swichi zinatazama ardhini na nyaya zinajikunja. Na kama umeweka breki ya diski mbele, masta silinda, ile pampu ya breki yenye kopo la mafuta iliyo kwenye usukani, lazima ikae usawa, la sivyo hewa inaingia. Ushauri wangu ni usukani mmoja mfupi ulionyooka au wa kushuka kidogo, wenye kubanwa kwenye klampu zako zilezile. Kwa nje utapata asilimia kubwa ya sura unayoitaka. Nyaya zitakuwa ndefu kuliko inavyotakiwa. Usizikunje kwa tai za plastiki, waya uliokunjwa kona kali ni mzito kuvuta na hukatika humo humo kwenye kona. Tafuta mfupi.

Na matundu! Swichi zako zina kijino ndani kinachoingia kwenye tundu la usukani. Usukani mpya huenda hauna tundu hilo. Mafundi wengi wanakata kijino, wanakaza swichi, baada ya mwezi inazunguka na mpini wa mafuta unakuja nayo. Toboa tundu. Panga swichi kwanza, weka alama, toboa dogo, jaribu, ongeza kidogo. Tundu hilo liko kwenye sehemu iliyonyooka karibu na gripu, halidhuru. Usitoboe karibu na klampu au kwenye mpindo.

Fundi habari za kazi. Mimi ni afisa ugani, natembelea vijiji vya Kondoa kwa Yamaha DT 125 ya ofisi. Ni mfupi. Kwenye kona kali mkono wa nje haufiki vizuri, na kwenye mchanga nahisi usukani unanizidi nguvu. Naweza kufunga mdogo?
*Mama wa mashambani, Kondoa*

Nzuri, dada yangu, pole na vumbi la huko. Kwa kuwa pikipiki ni ya ofisi, anza na afisa usafirishaji, akubali kwa maandishi. Mengi ninayokuambia hayaachi alama, lakini kukata bomba kunaacha.

Upana wa usukani ule una sababu. Mkono mrefu wa kugeuzia ndio unaokupa nguvu tairi likizama kwenye mchanga. Ukifunga mwembamba sana, kona itakuwa rahisi kufika lakini mchanga utakushinda zaidi. Kwa hiyo tusogeze usukani kwako kabla ya kuupunguza.

Uzungushe nyuma kidogo, lakini simama kwenye vigingi ukijaribu, si kukaa tu. Mchangani unasimama, na usukani uliolazwa nyuma mno unakuwa magotini ukisimama, viwiko vinashuka, nguvu inakwisha. Halafu leva: nyingi zina skrubu ndogo ya kuisogeza karibu na gripu. Mwenye vidole vifupi hupata faida kubwa hapo. Hakikisha tu klachi inaachia kabisa kabla leva haijagusa gripu. Sogeza na vishikio vya leva kuelekea ndani, ili vidole viwili vikae nchani mwa leva, penye nguvu.

Baada ya hayo, kama bado, punguza bomba lenyewe. Sogeza ndani gripu, swichi na leva zote, tembelea hivyo wiki moja ukiwa na bomba limebaki nje tupu. Ukiona panakufaa, ndipo kata kwa msumeno wa chuma, sentimita moja kila upande, mbili ukipenda, pande zote sawasawa. Lainisha ukingo kwa tupa, maana kingo kali hula gripu na hukata mtu ukianguka. Upande wa mafuta hakikisha bomba la plastiki linazunguka bure na kujirudisha lenyewe ukiliachia, usukani ukiwa umegeuzwa kushoto na kulia.

Jambo moja la watu wa porini: vishikio vya leva usivikaze mpaka mwisho. Vikaze kiasi kwamba leva haihami ukiendesha, lakini ukianguka izunguke kwenye bomba badala ya kukatika. Leva iliyokatika ukiwa mbali na barabara ya lami ni kutembea kwa miguu.

Sasa fundi. Huku Kericho mvua hainyeshi, inamwagika. Nimefunga mwavuli mkubwa wa boda, kioo cha upepo na zile glavu za turubai kwenye hendo. Juu ya kilomita sitini hendo zinatikisika sana. Nikibadilisha hendo nzito zaidi itaisha?
*Rider, Kericho*

Salama, kaka. Haitaisha. Umeuambia usukani ubebe mwavuli, na mwavuli unaongea na upepo. Kila kinachobanwa kwenye usukani kikishika upepo kinausukuma usukani, si pikipiki. Mwavuli ubanwe kwenye fremu na nyuma ya siti, usigusane na usukani hata kwa kamba. Kioo kikiwezekana nacho kishike kwenye fremu, si kwenye klampu za usukani. Na hata hivyo mwavuli ule ukikutana na lori la chai likija mbele yako, upepo wake unaupiga wote kwa pamoja. Mimi ningeuvua nikitoka mjini kwenda barabara kuu, nikavaa koti la mvua.

Ukishaondoa mzigo, jaribu tena. Ikitikisika bado, inua tairi la mbele lisiguse chini, sogeza usukani polepole kwa kidole kimoja kutoka upande hadi upande. Ukisita katikati kama unaingia kwenye shimo dogo, beringi za shingo ya usukani zimeliwa. Kisha shika foku chini, vuta na sukuma. Ukisikia mgongano wa chuma kwa chuma, zimelegea. Angalia na spoku, na upepo wa tairi.

Kuhusu glavu za turubai, mimi sina ubaya nazo, baridi ya huko naijua. Ila nyingi zinashonwa bila kumfikiria dereva. Ingiza mkono, toa mafuta, achia ghafla: mpini urudi wenyewe hata turubai likiwa limelowa na kuwa zito. Bonyeza breki, leva isipate pa kukwama. Na taa ya breki ya nyuma iwake pale tu unapokamata breki, kwa sababu turubai mara nyingine huiminya leva kidogo muda wote, taa inawaka siku nzima na wa nyuma yako hajui unaposimama.

Fundi, nimenunua hendeli nene ya aluminiamu imeandikwa Renthal kwa bei nzuri sana. Haiingii kwenye klampu za pikipiki yangu. Nifanyeje?
*Msomaji, Arusha*

Bei nzuri sana ndiyo inayonitia wasiwasi. Renthal ni kampuni ya Uingereza iliyoanza mwaka 1969, na kwa sababu jina lake linaheshimika, linabandikwa kwenye bomba lolote. Aluminiamu ya bandia haionekani kwa macho mpaka siku ya kuanguka.

Kama una hakika nayo, usukani wa aina hiyo ni mnene katikati, milimita 28.6, halafu unapungua hadi 22 kwenye gripu. Ndiyo maana swichi zako zinaingia na klampu zinakataa. Usichonge klampu. Vipo vishikio maalumu vinavyofungwa juu ya klampu za zamani au badala yake, lakini vingi vinauinua usukani, kwa hiyo rudi kwenye jibu la ndugu yetu wa Njombe kuhusu nyaya. Utapata usukani usiopinda kirahisi. Kwa mtetemo wa injini ya silinda moja usitegemee muujiza; vizito vya kufunga nchani mwa usukani hupunguza ganzi kuliko bomba nene, na ni bei ndogo.

Nimefunga usukani wa juu kwenye TVS Apache. Mpira wa breki ya diski haukufika, fundi akaunga kipande kwa bomba na klipu mbili. Breki inashika lakini leva ni laini, inakwenda karibu na gripu. Ni kawaida?
*Msomaji, Mwanza*

Ipaki leo, ndugu yangu. Simaanishi kesho.

Ndani ya mpira huo, ukikamata kwa nguvu, kuna shinikizo ambalo klipu ya bomba la maji haikuundwa kulishika. Limeshika mpaka sasa kwa sababu hujakamata breki ya kuokoa maisha. Kipande hicho kikiachia, mbele hutabaki na breki kabisa, na mafuta yanamwagika karibu na diski na tairi.

Nunua mpira mzima wa breki wenye urefu unaotosha, vichwa vyake vimebanwa kiwandani. Upime usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho na foku zimenyooka kabisa, maana pikipiki ikiruka tuta tairi hushuka na kuuvuta mpira. Weka washa mpya za shaba, moja kila upande wa kichwa cha mpira, juu na chini. Za zamani zimeshabanwa zikawa ngumu, zitavuja.

Mafuta ya breki ni yale yaliyoandikwa juu ya kifuniko cha kopo la masta silinda, DOT 3 au DOT 4, kutoka chupa iliyofunguliwa siku hiyo. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa. Yakishanyonya, yakipata joto la mteremko mrefu kama wa Kitonga yanachemka ndani ya mfumo, na leva inaanguka tupu mkononi. Ile chupa ya nusu iliyokaa juu ya rafu ya gereji tangu mwaka jana, mwachie mwenye gereji. Na funika tenki kwa kitambaa, yanakula rangi. Tone likidondoka mwagia maji papo hapo, usipanguse.

Kutoa upepo: jaza kopo, bonyeza leva mara kadhaa, ishike, fungua nati ya kutolea upepo chini kwenye kalipa ya breki, ile inayobana diski, mafuta na mapovu yatoke kupitia mpira mwembamba ndani ya chupa, funga, ndipo uachie leva. Rudia, na kopo lisikauke katikati ya kazi au unaanza upya. Kwenye usukani wa juu mapovu hupenda kujificha pale mpira unapopinda karibu na masta silinda. Kata usukani mpaka masta silinda iwe ndiyo sehemu ya juu kuliko zote, gongagonga mpira taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ukichoka, funga leva kwenye gripu kwa kipande cha tyubu, iache hivyo usiku kucha. Mapovu madogo yatapanda yenyewe hadi kwenye kopo. Asubuhi fungua, ongeza mafuta, bonyeza. Leva isimame imara kabla ya nusu ya safari yake. Bado laini? Basi kuna mahali panavuja: kagua washa, nati ya kutolea upepo na mpira wa ndani wa masta silinda kabla hujaitoa pikipiki getini.